Kosa na Mkosaji: Juu ya Kuchunguza Maisha ya Mshitakiwa kabla ya Kumpa Adhabu

Neno hukumu, ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, limebeba mzigo mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Mtu akitoka mahakamani Sumbawanga, jirani humwuliza, "Je, yule kijana amehukumiwa?" Naye hujibu, "Naam, amehukumiwa miaka miwili." Katika jibu hilo fupi mambo mawili yamefungwa pamoja kama kuni katika kamba moja. La kwanza ni kwamba kijana ameonekana kuwa alitenda kosa. La pili ni kwamba amewekewa adhabu fulani. Kwa kuwa ulimi huyafunga pamoja, moyo nao huyafunga, hata watu hudhani ya kuwa kosa likithibitika adhabu hufuata yenyewe, kama kivuli kifuatavyo mti.

Mahakama hazifuati njia hiyo. Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kwa hiyo yatupasa sisi tunaoifundisha lugha hii tujue kuyatenga maneno yake. Kutia hatiani ni neno moja, na kutoa adhabu ni neno jingine. Katika kutia hatiani hakimu huuliza juu ya tendo: Je, jambo hili lilitendeka, na huyu ndiye aliyelitenda? Hapo tabia ya zamani ya mshitakiwa kwa kawaida haiulizwi, maana mwizi wa jana si lazima awe mwizi wa leo. Lakini hatia ikiisha kuthibitika, swali hugeuka. Sasa huulizwa juu ya mtu: Huyu aliyetenda ni nani? Amefikaje hapa? Ni adhabu gani iliyo haki kwake, na kwa aliyedhulumiwa, na kwa watu wote? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yamruhusu hakimu kupokea, kabla ya kutoa adhabu, ushahidi auonao kuwa wafaa ili ajue adhabu ipasayo. Twataka kusema juu ya nafasi hii iliyo kati ya hatia na adhabu, kwa sababu mara nyingi hupita bure, na kwa sababu waalimu na mapadre wana kazi ndani yake.

Tuchukue mfano, ambao tumeutunga ili jambo lionekane wazi. Vijana wawili wa miaka ishirini wameshitakiwa kwa kuiba baiskeli katika soko la Sumbawanga, kila mmoja yake. Baiskeli zote mbili zina thamani moja; wote wawili wamekiri; wala hakuna kati yao aliyepata kufungwa. Hakimu awauliza kama wana neno la kusema ili wapunguziwe adhabu. Wa kwanza amelelewa na bibi yake huko Muze, katika bonde la Ziwa Rukwa. Aliacha shule mapema, Kifipa ndicho anachokisema nyumbani, na mbele ya wakubwa hutazama chini. Ajibu, "Sina la kusema, mheshimiwa." Wa pili amekulia mjini, na Kiswahili chake chatiririka. Atoa machozi, asema ana mke na watoto watatu, na mama yake ni mgonjwa. Je, hakimu asiye na habari nyingine atamwonea huruma nani?

Sasa natumwe mtu kuuliza. Afika Muze, na huko aambiwa ya kwamba kijana wa kwanza alikwenda mjini kufanya kibarua. Mwajiri wake akamzuilia ujira wa miezi miwili. Kisha akapata habari kwamba bibi yake hajiwezi, akaichukua baiskeli apate kumfikia. Mjomba wake yu tayari kumlipa mwenye mali na kumpokea kijana nyumbani. Mwulizaji arudi mjini, naye baba wa kijana wa pili amwambia, kwa uchungu, kwamba mwanawe hana mke wala mtoto, kwamba mama yake ni mzima, na kwamba ameziacha kazi mbili alizotafutiwa, akauza hata vyombo vya nyumbani. Pasipo kuuliza huko, machozi yangaliishinda kweli. Wahenga walisema, Msema pweke hakosi. Na mshitakiwa ajielezaye pasipo mtu wa kumthibitisha wala wa kumkanusha ni msema pweke. Kazi ya uchunguzi ni kumletea hakimu kweli. Kweli hiyo huweza kuipunguza adhabu, tena huweza kuizuia isipunguzwe.

Wako wasemao kwamba kuuliza habari za maisha ya mkosaji ni desturi ya kigeni. Sivyo. Katika uwanda wa juu wa Ufipa, zamani za watawala walioitwa Mwene, huko Nkansi na Lyangalile, mashauri madogo ya kijiji yalisikizwa na mkubwa wa kijiji pamoja na wazee. Wazee hao hawakuwa na haja ya kumtuma mtu akachunguze, kwa kuwa walimjua kijana tangu alipokuwa akibebwa mgongoni. Walijua kama baba yake alikufa mapema, kama aliugua degedege utotoni, kama alikuwa mtu wa kugombana au mtu wa kuchokozwa. Wafipa ni wakulima mashuhuri, na kilimo chao cha asili ni cha matuta ya mviringo yaitwayo intumba, ambayo ndani yake hufukiwa majani yaoze yawe rutuba. Mpita njia huona udongo tu; aliyelima ndiye ajuaye kilichofukiwa chini yake. Wazee wa kijiji walikuwa kama mwenye shamba, maana walijua kilicho chini ya tendo walilolisikia barazani.

Hakimu wa leo hana maarifa hayo. Aweza kuwa amezaliwa Tanga au Kagera, akaletwa Sumbawanga mwaka jana, na kesho atahamishwa. Ugeni wake una faida, maana hana ndugu wa kumpendelea wala adui wa kumlipiza. Lakini kile walichokuwa nacho wazee hakimu hanacho, na mashauri yaliyo mezani pake ni mengi. Taarifa ya uchunguzi yakusudiwa kumrudishia hakimu maarifa ya kijiji pasipo kumrudishia upendeleo wa kijiji.

Hapo yatupasa tusisifu mno mambo ya kale. Kijiji hujua, lakini pia kijiji husingizia. Jina lenyewe la Sumbawanga, kama wenyeji wanavyolieleza, lina maana ya "tupa uchawi", na katika nchi hii, kama katika nchi nyingine nyingi, shaka ya uchawi imewaponza watu wasio na hatia, hasa wanawake wazee. Kama uvumi ungalitosha, mshitakiwa aliyechukiwa angalipata adhabu kwa ajili ya chuki, na aliyependwa angaliponyoka. Ndiyo maana uchunguzi unaofaa huandikwa, humtaja aliyesema na jinsi alivyojua, na husomwa ili mshitakiwa mwenyewe apate kuukanusha. Neno lisemwalo kisirisiri na kuingizwa katika adhabu ya mtu ni dhuluma, hata likiwa kweli.

Namna hii ya kuchunguza kwa utaratibu ina historia yake. Katika mji wa Boston, huko Marekani, mwaka 1841, fundi wa viatu jina lake John Augustus alimdhamini mlevi mmoja aliyekuwa karibu kufungwa. Baada ya wiki tatu alimrudisha mahakamani akiwa amebadilika, na hakimu akamtoza faini ndogo tu. Toka siku ile hata kufa kwake mwaka 1859 fundi huyo aliwadhamini watu wapatao 1,900. Lakini hakumdhamini kila aliyelia. Kwanza aliuliza tabia ya mtu, umri wake, na watu ambao angekwenda kukaa nao. Uchunguzi ulitangulia, huruma ikafuata. Uingereza iliiweka njia hiyo katika sheria mwaka 1907, ikiagiza kutazama tabia ya mtu, mambo yake yaliyotangulia, umri, afya ya mwili na hali ya akili. Tanganyika ikapata sheria yake ya uangalizi wa wakosaji mwaka 1947. Kwa sheria hiyo mahakama, badala ya kumfunga mtu, yaweza kumweka chini ya uangalizi wa afisa kwa muda usiozidi miaka mitatu. Afisa huyo watu wengi humwita afisa probesheni.

Baadaye ziliongezwa sheria nyingine mbili ambazo yafaa wasomaji wetu wazijue. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 yahusu wale ambao kifungo chao hakizidi miaka mitatu. Hao waweza kufanya kazi pasipo ujira kwa faida ya watu wote, kama vile shuleni, katika zahanati au barabarani, huku wakilala makwao. Lakini mahakama haitoi amri hiyo kwa kubahatisha. Afisa hutangulia kuchunguza na kuandika taarifa. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba aliye chini ya miaka 18 hapewi adhabu ya kifungo. Shauri lake huhitaji taarifa ya afisa wa ustawi wa jamii juu ya malezi yake, na kama ni lazima atengwe na nyumbani, hupelekwa shule ya maadilisho, iliyo Irambo katika mkoa wa Mbeya. Wahenga walinena, Samaki mkunje angali mbichi. Sheria hii yafuata mawazo hayo.

Hapa pana jambo moja ambalo lawahusu mapadre na makatekista kuliko watu wote, nalo ni umri. Katika Tanzania mtu aliyekuwa hajatimiza miaka 18 alipotenda kosa haruhusiwi kupewa adhabu ya kifo. Basi tofauti ya mwaka mmoja yaweza kuwa tofauti ya uhai na mauti. Lakini vijijini watoto wengi hawakuandikishwa kuzaliwa, na mama akiulizwa hujibu kwa kutaja matukio: "Alizaliwa mwaka aliofariki Mwalimu Nyerere," yaani 1999, au "mwaka mkoa wa Katavi ulipogawanywa na Rukwa," yaani 2012. Majibu hayo si ya kudharauliwa. Mwulizaji mwenye subira huyapanga pamoja akapata mwaka wa kweli. Lakini mara nyingi karatasi ya zamani kuliko zote ni daftari la ubatizo la parokia, au daftari la darasa la kwanza. Wamisionari waliingia Karema mwaka 1885, na tangu hapo kuandika majina na tarehe ni desturi ya misioni katika nchi hii. Daftari lililoliwa na mchwa, au lililoandikwa kwa kukisia, laweza kumnyima mtoto haki yake. Lililotunzwa vema laweza kumwokoa.

Ili tuone uchunguzi waweza kufanya nini hata katika mashauri mazito, na tuitazame Malawi, nchi jirani iliyo upande wa kusini. Zamani huko kila aliyetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia alipewa adhabu moja tu, ya kifo. Jaji hakuwa na ruhusa ya kupima, na kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kuuliza maisha ya mtu. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Malawi iliamua kwamba kulazimisha adhabu hiyo ni kinyume cha katiba. Wafungwa wa namna hiyo wakapata haki ya kupimiwa adhabu upya, na tangu mwaka 2015 mashauri yao yakasikizwa. Mawakili na wasaidizi wa sheria walikwenda vijijini, wakawahoji wazazi, majirani na wakuu wa vijiji. Walikuta watu waliokuwa vijana sana walipotenda kosa, wenye maradhi ya akili yasiyopata kutajwa mbele ya jaji, na waliokuwa katika ugomvi wa ulevi pasipo nia iliyopangwa. Zaidi ya watu 100 waliachiliwa, kwa kuwa muda waliokwisha kukaa gerezani ulionekana kutosha. Sheria za kosa hazikubadilika, wala ushahidi wa tendo. Kilichoongezeka ni habari za maisha yao.

Nchi nyingine zilifuata njia hiyo hiyo. Mahakama ya Juu ya Uganda ilikataa ulazima wa adhabu ya kifo mwaka 2009, na ile ya Kenya mwaka 2017. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha, ilisema kwamba kifungu cha sheria ya Tanzania kilichomlazimisha jaji kutoa adhabu hiyo chavunja haki ya uhai, kwa sababu chamwondolea jaji uwezo wa kumpima mtu na hali yake. Neno kupima latufaa sana hapa. Dukani hatupimi kwa kutazama upande mmoja wa mizani.

Hata katika makosa madogo kuliko hayo, uchunguzi una mipaka. Sheria ya Adhabu za Kima cha Chini ya mwaka 1972 iliweka vipimo ambavyo hakimu hawezi kushuka chini yake kwa makosa fulani, na kwa unyang'anyi wa kutumia silaha sheria imeweka miaka 30. Penye kipimo cha namna hiyo taarifa nzuri kuliko zote haifungui mlango. Kwa hiyo tusiwaahidi wazazi mambo yasiyowezekana.

Yako pia maswali ambayo wasomaji watatuuliza, nayo ni ya haki. La kwanza: Je, aliyedhulumiwa? Mama aliyeibiwa mahindi ya mwaka mzima atafaidiwa nini na habari za utoto wa mwizi? Twajibu kwamba uchunguzi uliokamilika hauishii nyumbani kwa mkosaji. Hufika pia kwa aliyekosewa, ukauliza amepoteza nini, anaogopa nini, na alipwe nini. Mkosaji aliyebaki kijijini akifanya kazi aweza kulipa. Aliye gerezani ni vigumu. La pili: Je, wakosaji wengi hawakulelewa katika umaskini, na maskini wengi hawaibi? Ni kweli. Umaskini hautoshi kuwa udhuru. Ndiyo sababu haifai kuandika "ni maskini" na kunyamaza. Yafaa kuandika ni jambo gani lililompata mtu huyu, lini, na linahusianaje na kosa hili. Kueleza si kusamehe. Mganga huuliza chanzo cha ugonjwa, wala hausifu. La tatu: Je, tajiri hatanunua taarifa njema? Aweza kujaribu. Kinga yake ni kwamba wanaoulizwa wawe wengi, na wawe watu wasiouza neno lao.

Nao ni nani watu hao, kama si wale wasomao kurasa hizi? Afisa anapofika kijijini kwa siku moja, akiwa na mafaili kumi mkobani, humtafuta mwalimu na padre. Basi tumeona vema kuandika mashauri machache. Sema uliyoyaona wewe mwenyewe, na uliyoyasikia uyataje kuwa umeyasikia. Taja mwaka na darasa, maana "alikuwa mtoto mzuri" halimfai hakimu kitu; lakini "mwaka 2019 aliacha kuja shuleni muhula mzima baada ya mama yake kufariki, kisha akarudi mwenyewe" ni neno ambalo hakimu aweza kulishika. Usifiche mabaya ili kumsaidia, kwa sababu uongo mmoja ukifunuliwa hubatilisha kweli kumi. Usimtetee wala usimshitaki; kazi hizo zina wenyewe. Taja nani atampokea akirudi, na nani atamwangalia, kwa majina ya watu waliokubali. Kama kijana huzungumza vizuri zaidi kwa Kifipa, mwambie afisa, ili aulizwe kwa lugha ambayo aweza kufungua moyo wake. Na padre akumbuke kwamba aliyoyasikia katika kitubio hayamo katika maarifa ambayo aweza kuyatoa, hata kama yangemfaa mshitakiwa.

Zaidi ya hayo, tusingojee mpaka afisa aje. Mtu wenu akishitakiwa, jamaa wapewe shauri la kumwambia hakimu mapema kwamba wanaomba uchunguzi ufanywe kabla ya adhabu, na wayalete majina ya wanaomjua. Wengi hawajui kwamba neno hilo laweza kusemwa. Hudhani wakati wa kusema uliisha hatia iliposomwa, nao hukaa kimya kwenye benchi la nyuma, wakati ule ule ambapo hakimu anauliza kama kuna mtu aliye na neno.

Katika masomo yetu ya Kiswahili, basi, mwanafunzi akiandika "alihukumiwa", na tumwulize: wasema alitiwa hatiani, au wasema alipewa adhabu? Aliyezoea kulitenga jambo hili katika daftari lake hatashangaa siku atakapoitwa kuwa shahidi, au mzee wa baraza, au hakimu.